Maradhi Yakiingia, Mtoto Abaki na Nani?

Februari 2015, Ebola ikiwa bado inaua watu Guinea, Liberia na Sierra Leone, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 16,600 katika nchi hizo tatu walikuwa wameandikishwa kuwa wamefiwa na mzazi mmoja, wazazi wote wawili au mlezi waliyekuwa wakimtegemea. Mwanzoni mwa mlipuko hofu ilikuwa kubwa kwamba watoto hao wangekataliwa na ndugu zao, maana Ebola huambukiza kwa kugusana, na kuna waliokataliwa kweli. Lakini hesabu ilipofanywa, waliolazimika kulelewa nje ya familia au jamii zao hawakufika asilimia 3. Wengine wote walichukuliwa na bibi, shangazi, mjomba, dada mkubwa au jirani.

Ukoo wa Kiafrika umesifiwa sana kwa jambo hili, na unastahili sifa. Ninachosema hapa ni kwamba sifa hizo zimegeuka kisingizio. Kwa kuwa familia hupokea, serikali na wafadhili wamezoea kuziacha zipokee peke yao, na fedha zikipatikana huelekezwa kwenye majengo. Katika dharura za afya tulizopitia kwa miaka 40, tangu UKIMWI hadi Ebola, UVIKO-19 na mpox, ni mara chache mtoto amekosa wa kumpokea. Aliyekosa msaada ni yule aliyempokea.

Mkoa wa Kagera unaweza kutoa ushahidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ulichukua watu wa umri ule ule wa kulea: akina mama na akina baba wenye watoto wadogo. Migombani wakabaki wazee na wajukuu. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya zaidi ya 800 za mkoa huo kwa awamu, na mwaka 2004 wakawatafuta tena watu wale wale, wakiwemo waliokwisha kuhama. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizichambua takwimu hizo wakiwaangalia watoto ambao katika mahojiano ya kwanza walikuwa bado na wazazi wote wawili. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walifika utu uzima wakiwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na wakiwa wamesoma pungufu kwa takriban mwaka 1, kuliko ambavyo wangekuwa kama mama angeishi.

Sentimita 2 hazionekani kwa macho mtu akipita njiani. Lakini nyuma yake kuna milo iliyorukwa mwaka baada ya mwaka, na homa zilizotibiwa kwa kuchelewa. Mwaka mmoja wa shule ni sare na madaftari ambayo bibi hakuwa na uwezo wa kuyanunua, au ni mtoto aliyebaki nyumbani kumuuguza mgonjwa mwingine. Watu wa Kagera hawakuwatupa watoto wao. Walibeba mzigo uliowazidi, na msaada uliowafikia ulikuwa wa hapa na pale. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi wetu tulioishi mbali na kijiji cha namna hiyo tuliuona mwepesi.

Kifo si mlango pekee ambao dharura huingilia kati ya mtoto na wazazi wake. Kuna mtoto ambaye mama yake yu hai ila amelazwa kwenye karantini. Kuna ambaye wahudumu wa afya wamemtenganisha na mama kwa tahadhari. Kuna ambaye hakuna aliyeugua nyumbani kwao, lakini soko limefungwa, baba hana kibarua, na mtu anakuja na ahadi ya kumpeleka mahali patakapomlisha na kumsomesha. Kila mmoja anahitaji msaada wa namna yake, na kosa la kwanza katika mipango mingi ni kuwaweka wote kwenye fungu moja la “yatima”.

Mtoto wa karantini ndiye mgumu kuliko wote. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mashariki mwa Kongo, hasa Kivu Kaskazini na Ituri, ulidumu hadi 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Katika ugonjwa huu upendo wa ndugu peke yake hautoshi. Mama akithibitishwa kuwa na Ebola lazima aingie kituo cha matibabu, na mtoto anayenyonya aachishwe ziwa siku hiyo hiyo, kwa sababu virusi hupita kwenye maziwa. Mtoto huyo naye anakuwa wa kuangaliwa kwa siku 21. Shangazi hawezi kumfunga mgongoni kwa kanga kama ambavyo angefanya siku nyingine yoyote, na baba huenda naye yumo wodini.

Kilichofanyika huko katika miji ya Beni na Butembo kinafaa kutazamwa kwa karibu. Hatua chache kutoka kituo cha matibabu ilifunguliwa nyumba ya kulelea watoto, ikiungwa mkono na UNICEF. Walezi wake walikuwa watu waliougua Ebola wakapona, wengi wao wanawake wa pale pale. Aliyepona huwa na kinga, kwa hiyo waliweza kumpakata mtoto bila yale mavazi mazito ya plastiki yanayoficha uso na kumtisha hata mtu mzima. Walimnywesha maziwa yaliyotayarishwa kiwandani, wakamwogesha, wakamwimbia kwa lugha ya kwao, wakamtuliza usiku akilia. Joto la mwili lilifuatiliwa kila siku. Baadhi ya walezi hao walikuwa wamezika watoto wao wenyewe katika mlipuko huo huo. Muda wa uangalizi ukiisha salama, mtoto alirudi kwa mama kama amepona, la sivyo kwa ndugu. Na katika kituo cha Beni shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta angavu, ili mgonjwa na watu wake waonane uso kwa uso badala ya kupeana habari kupitia kwa wahudumu.

Naipa nyumba ile uzito kwa sababu inajibu hoja ambayo huletwa kila mara, kwamba malezi ya familia ni jambo zuri kwa siku za kawaida ila dharura inadai vituo. Ndiyo, ilidai kituo. Lakini kituo kile kilikuwa cha kupita, chenye mwisho unaojulikana, karibu na nyumbani, na chenye mikono ya watu wa mtaa ule ule. Hakuna aliyekijenga ili watoto wakulie humo.

Kuna wakati mwingine ambapo tahadhari yenyewe ndiyo iliyodhuru. UVIKO-19 ulipoanza, hospitali nyingi katika nchi mbalimbali ziliwatenga watoto wachanga na mama zao walioambukizwa au kushukiwa tu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aendelee kunyonyesha na kukaa na mwanawe huku akivaa barakoa na kunawa mikono. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti jambo hili ni la uhai na kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kuwabeba watoto wa uzito mdogo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kungeweza kuokoa maisha zaidi ya 125,000, ilhali vifo ambavyo virusi vingesababisha kwa watoto hao kwa kubaki na mama havikufika 2,000. Aliyewatenganisha alidhani anawakinga.

Kenya ilitupa somo la aina nyingine kabisa. Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa na shule kufungwa, makao ya watoto yaliagizwa kuwarudisha watoto kwa familia zao pale inapowezekana. Maelfu wakarudi kwa muda mfupi sana. Kazi ambayo maofisa wa watoto walikuwa wakiambiwa kwamba itachukua miaka, ya kumtafuta ndugu wa kila mtoto na kuhakikisha anapokelewa, ikawa imefanyika kwa namna moja au nyingine ndani ya wiki chache.

Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba watoto hao walikuwa na kwao. Wengi hawakuwa yatima kwa maana inayotumiwa kuombea michango. Walipelekwa makaoni kwa sababu ya ufukara, kwa sababu shule nzuri iko mbali, kwa sababu mtoto ana ulemavu na kijijini hakuna huduma, au kwa sababu mama aliambiwa huko atakula vizuri. Kama mtoto angeweza kurudishwa kwa wiki moja wakati wa janga, basi kabla ya janga kilichomweka mbali na mama yake kilikuwa fedha. Na fedha zilikuwepo, ila zilikuwa zikimlisha na kumsomesha akiwa kwenye jengo, na hazikuwa tayari kumfuata nyumbani.

Jambo la pili ni baya zaidi. Walirudi na begi la nguo. Kwa wengi hapakuwa na muda wa kuuliza kama mlezi yuko tayari, kama kilichomtoa mtoto nyumbani mwanzoni kilikuwa kipigo, au kama dawa anazotumia zinapatikana zahanati ya karibu. Kaya zilizowapokea zilikuwa zimepoteza vibarua wiki zile zile. Kule Pwani hoteli zilifungwa na waliozitegemea wakarudi vijijini mikono mitupu. Mwanzoni mwa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikapigwa marufuku, kwa hiyo hata ofisa mwenye nia njema hakuweza kuvuka kwenda kumwona mtoto aliyemrudisha. Alibaki na simu. Na simu hupokelewa na mlezi. Mtoto anaulizwa kama yu salama huku mtu anayemwogopa amesimama pale pale. Vikwazo vilipolegezwa, baadhi ya watoto walirudishwa makaoni na wengine wakabaki nyumbani.

Sikubaliani na wanaolichukua agizo lile kama ushahidi kwamba watoto hawawezi kutoka kwenye makao. Lilithibitisha kwamba kurudisha bila maandalizi ni kutelekeza kwa mara ya pili. Kenya yenyewe ilikuwa imekwisha kuijua njia sahihi: ilikuwa na mwongozo wa malezi mbadala ya kifamilia tangu 2014, na mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Baada ya janga ikapitisha Sheria ya Watoto ya 2022 na kuzindua mkakati wa miaka 10, hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka taasisi kwenda kwa familia na jamii. Sheria hiyo inaitambua pia kafala, jambo la maana kwa Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki, kwa kuwa mtoto hulelewa kama wa nyumbani bila kupoteza nasaba yake wala kulazimisha familia iingie kwenye utaratibu wa kuasili ambao dini yao haiukubali.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo maneno mazuri hukwama. Mwaka 2004 Kenya ilianza kwa majaribio, katika maeneo ya Nairobi, Kwale na Garissa, kuwapa fedha taslimu walezi wa yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Mpango ulikua ukawa wa nchi nzima, na malipo yakapanda hadi shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Ulisaidia kweli: utafiti uliolinganisha kaya zilizolipwa na ambazo hazijalipwa uligundua kwamba vijana wa kaya zilizolipwa walichelewa zaidi kuanza ngono. Hayo ni matokeo ambayo kampeni nyingi za mabango hazijawahi kuyapata. Lakini soma tena yale maneno mawili, “kwa kaya”. Bibi aliyekuwa na mjukuu mmoja na bibi aliyeletewa watano baada ya msiba wanalipwa sawa. Zaidi ya hapo, orodha za wanufaika, iwe Kenya au katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, hutengenezwa kwa mazoezi ya utambuzi yanayofanyika kwa vipindi. Mlipuko hausubiri zoezi. Kaya iliyopokea watoto watatu mwezi uliopita kwenye daftari bado inasomeka ilivyokuwa kabla.

Kuna pia suala la karatasi. Shangazi anayemchukua mtoto kutoka wilaya nyingine anahitaji cheti cha kuzaliwa ili amwandikishe shule, kadi ya kliniki ili chanjo ziendelee, cheti cha kifo cha mzazi ili adai mafao au kulinda kiwanja. Katika mlipuko, marehemu huzikwa na timu ya maziko salama, vitu vya ndani huteketezwa kwa hofu ya maambukizi, na karatasi huungua humo. Kisha mtoto anaulizwa shuleni: cheti kiko wapi? Nimeona watu wakilitaja hili kama tatizo dogo la utawala. Kwa mtoto wa kike ambaye ndugu wa baba wanakitaka kiwanja cha marehemu, si dogo hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba nazipamba familia, kwamba ndani ya nyumba hizo hizo kuna watoto wanaofanywa watumishi, wanaopigwa na kunajisiwa. Ni kweli, na dharura huongeza. Sierra Leone ilipofunga shule kwa sababu ya Ebola, mimba za wasichana ziliongezeka, kisha Aprili 2015 serikali ikawapiga marufuku wajawazito kuingia darasani, marufuku iliyodumu hadi Machi 2020. Ndiyo maana malezi ya kifamilia bila mtu wa kuingia mlangoni na kuuliza ni nusu ya kazi. Mtu huyo ni ofisa ustawi wa jamii, ofisa wa watoto, au mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa kuona dalili. Wakati wa karantini, daktari na dereva wa lori la chakula hupewa kibali cha kutembea. Ofisa wa watoto naye apewe, na apewe mafuta ya pikipiki. Na pale nyumba ya ndugu isipofaa kabisa, zipo familia za walezi wa kuaminika zinazoweza kuchunguzwa na kufunzwa mapema ili zimpokee mtoto usiku ule ule, badala ya kumpeleka taasisi ya mbali.

Makao ya taasisi hayana kinga dhidi ya maovu hayo, na yana dosari ambayo wema wa wafanyakazi hauwezi kuiondoa. Nchini Romania, tangu mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, wakiwagawa kwa bahati nasibu kati ya kubaki na kwenda kwenye familia za walezi. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili, na waliofaidika zaidi ni waliotoka kabla ya kufikisha takriban miaka 2. Mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja anayemjua, na zamu za wafanyakazi haziwezi kumpa mtu huyo. Taasisi huvutia kwa sababu jengo hupigwa picha, lina kibao cha jina la mfadhili, na watoto 40 huonekana kwa ziara moja. Bibi 40 waliotawanyika katika kata nne hawaonekani kirahisi namna hiyo.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hadi Mei mwaka huo watoto milioni 10.5 duniani walikuwa wamepoteza mzazi au mlezi kwa UVIKO-19. Baada ya hapo mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa, Agosti 2024, ikiwaathiri sana watoto wa Kongo, na Kagera imepata mlipuko wa Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Wakati huo huo fedha zilizokuwa zikiwashikilia walezi wengi zimetikisika. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, tangu 2003 ulitakiwa kisheria kutenga asilimia 10 kwa yatima na watoto walio hatarini. Misukosuko ya misaada ya Marekani ya mwaka 2025 ilionyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa imeegemezwa kwenye mkono wa mtu wa mbali.

Kwa hiyo maombi yangu ni kwa madiwani, wabunge wa kaunti na kamati za maafa. Katika mpango wa dharura wa halmashauri au kaunti yenu kuna fungu la barakoa, la magari ya wagonjwa, la dawa ya kunyunyizia. Wekeni na fungu la kaya inayopokea mtoto: fedha za miezi ya mwanzo zinazohesabiwa kwa kila mtoto, zinazolipwa kwa barua ya mtendaji au chifu bila kungoja zoezi la utambuzi, cheti kinachotolewa bure, na ofisa mwenye jina na usafiri. Familia za kuaminika zichaguliwe sasa, kabla ya mlipuko.

Na wewe msomaji, kama karibu nawe kuna mtu aliyechukua watoto wa ndugu yake baada ya msiba, mfuatane hadi kwa ofisa ustawi wa jamii au ofisa wa watoto ili waandikishwe. Kama unahofia usalama wa mtoto mwenyewe, piga 116, Kenya au Tanzania. Simu hiyo ni bure.